Simu ya Godson Haipatikani

"Mume wako ndiye aliyemharibu wangu," Rhoda alisema, kidole kikigonga fremu ya mlango kwa kila neno. "Godson alikuwa mtu wa kanisa na mpira. Bunduki kaijua wapi, kama si kwa Ladislas?"

Bernadette alisimama ndani ya mlango, mwiko mkononi. Alikuwa akiangalia nywele za jirani yake: upande mmoja umesukwa, wa pili umebaki timutimu. Rhoda alikuwa amemkimbia msusi kabla hajamaliza.

Ghorofa ya sita yote, hapo mtaani Albert Park, ilikuwa imeshafungua milango. Lifti imekufa tangu Pasaka, kushuka ni kazi, na ugomvi wa bure haukosi watazamaji.

"Ongea basi, Mama Ciza. Siku ya pili leo simu yake haipatikani. Wako je, amepiga?"

"Hajapiga," Bernadette alijibu.

"Eish. Na wewe umetulia tu, unapika."

Huu ulikuwa mwaka wa pili waume wao wako pamoja, kwenye kiwanda cha mbao huko kaskazini kabisa ya Kanada. Mwaka huu wakapata kibali cha kuwinda muusi, yule kulungu wa kule, mkubwa kuliko ng'ombe, pembe pana kama sinia. Ijumaa Godson alituma video kutoka msituni. Jengo zima liliiona, maana Rhoda hana siri: Ladislas kajibanza kichakani, viganja mdomoni, analia kama muusi jike ili dume lije. Watu walicheka mpaka wakakohoa.

"Mtu mzima na ndevu zake, analia porini kama mke aliyeachwa," Rhoda alisema.

Mtu akacheka kutoka mlango wa tatu. Rhoda mwenyewe hakucheka.

"Kama wamepata wanawake huko, waseme. Nitalia wiki moja, nitanyamaza. Hiki kimya ndicho kinaniua. Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Bernadette alijua kwa nini simu ya Godson haipatikani. Alijua tangu mchana. Alingoja moyo umwende mbio, au mkono utetemeke. Mwiko ulikuwa umetulia. Aliona tu kwamba mchuzi wa nyanya unamchuruzikia kiganjani, na kwamba bila shaka ni wa moto.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Sauti ya Rhoda ilikuwa imeshuka. Kidole kilikuwa kimeacha kugonga. "Bernadette. Kuna nini?"

Mchana Mama Kaneza wa kanisani alipanda ghorofa zote sita na bakuli la wali na maharage, akakaa kumwangalia Bernadette mpaka akamaliza kula. Kwao mtu haambiwi kifo na tumbo tupu. Alipokwisha kunawa mikono ndipo akaambiwa: Ladislas alikuwa kichakani, akilia vilevile, na Godson akapiga risasi pale sauti ilipotokea. Sasa Godson yuko mikononi mwa polisi, na simu yake wameichukua.

Bernadette alisogea kando, akaushika mlango uliokuwa ukitaka kujifunga.

"Ingia, dada," alisema. "Tule kwanza."