Mpira wa Juu

Mke wa Nyundo alikuwa amewaonya wageni mlangoni kwamba daktari amekataza kichwa cha mumewe kisiguswe, kwa maana pigo dogo tu lingeweza kumwua.

Mashabiki watatu wakaketi kumzunguka Nyundo, mshambuliaji wao wa zamani, ambaye asubuhi ile hakuwa amemtambua hata mkewe. Wakaanza ubishi wao wa miaka yote.

"Kocha wa kwanza ndiye aliyemfundisha mpira," alisema fundi cherehani.

"Acha uongo, bwana!" alidakia kinyozi. "Yule wa pili ndiye aliyeloweka mipira majini iwe mizito, akampigisha vichwa mpaka giza linaingia. Ndipo tukachukua kombe."

"Ndipo alipomwua," alisema mkewe, huku akimfuta mgonjwa mate kidevuni.

Wote wakainamisha nyuso kwa aibu. Kinyozi, akitaka kuwachangamsha, akautwaa mpira waliouleta kuwa zawadi, akaurusha juu taratibu.

"Nyundo, krosi hiyo!"

"Shemeji, udake!" mke wa Nyundo alimlilia kinyozi.

Macho ya mgonjwa yakapata nuru. Akainuka bila kushikwa mkono.

"Naam, kocha," akasema, na shingo yake ikavutika nyuma kama alivyofundishwa.