Hadi Kwenye Mkato

Mwalimu Medard alibonyeza kitufe, na majina ya wanakwaya yakashuka kwenye kioo cha kompyuta, moja chini ya jingine.

Orodha ya zamani ya kwaya ya usharika ilikuwa na jina, alama ya mkato, kisha maelezo. Programu aliyoiandika ilichukua herufi zote hadi kwenye mkato na kuyaacha yaliyofuata.

Jina la kumi na saba lilikuwa Tusajigwe, mke wake.

Kwenye orodha ya zamani, baada ya mkato, palikuwa na neno moja: marehemu. Sasa halikuwapo tena. Programu ilikuwa imelikata.

Akaweka kidole chini ya herufi ya mwisho ya jina lile. Kioo kilikuwa cha baridi. Nje mvua ya Tukuyu ilinyesha kama ilivyonyesha wiki nzima, na kule mtaa wa Msasani, hapo hapo mjini, kwenye nyumba yake ya kupanga, hakuna aliyemngoja.

“Imekubali, Mwalimu?” katibu wa kwaya aliuliza kutoka mlangoni. “Nichapishe, tukabandike kanisani?”

Kurekebisha programu kungechukua mstari mmoja tu. Hata dakika isingefika.

Medard akaondoa kidole.

“Imekubali, mama,” alisema. “Chapisha.”