Sauti ya Sekela

Siku hizo kila ofisi iliongea na wateja kwenye simu kwa sauti ya mtumishi wake mmoja, iliyonakiliwa kwenye kompyuta. Ofisi ya maji ilitumia sauti ya Sekela, kwa kuwa ilikuwa ya upole mno.

Jumatatu fundi aliunganisha mtandao wao na wa hospitali ya jirani, ili ofisi hizo mbili zitumie printa na hifadhi kwa pamoja.

"Na sauti yako pia," alimwambia Sekela. "Ya kwao inawatisha ndugu wa wagonjwa."

Sekela alikosa raha. Baba yake alikuwa amelazwa hospitalini humo.

Kesho yake alikuwa jikoni kwa mama yake, wakichambua mchele, simu ya mama ilipoita. Mama akaweka spika.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya Sekela. "Je, uko na mtu hapo?"

Mama akamtazama mwanawe, aliyekuwa amefumba mdomo.

"Niko na wewe," akajibu simu.

"Basi kaa kwanza, mama."

Sekela akanyoosha mkono aikate simu, mama akaushika.

"Mwache amalize," alisema. "Wewe hujui anachotaka kuniambia."