Zoezi la Tusekile

Siku hizi hakuna anayeongea mwenyewe. Kila mtu ana msemaji, kidude cha kwenye kola kinachojua unachotaka kusema na kukisema kwa sauti yako, kwa adabu. Nimezunguka nacho nchi nyingi, sijagombana na mtu hata mara moja.

Jumamosi binti yangu Tusekile alirudi kutoka chuo kikuu cha kanisa, anakosomea mawasiliano. Kola yake ilikuwa tupu.

"Umekipoteza tena, mwanangu?"

"Ni zoezi, Baba. Mchungaji anayetufundisha anataka kila mmoja amwendee mtu aliyemuumiza, amwambie kwa mdomo wake."

Akaketi. Akaanza, akakwama, akaanza upya. "Mama alikuulizia wiki nzima kabla hajafa. Wewe uko safarini. Nikamfumba macho mwenyewe. Nakuchukia, Baba, na nimechoka kukuchukia."

"Pole sana, mwanangu," sauti yangu ikajibu. "Nakuelewa kabisa."

"Huyo siye wewe. Kivue."

Nikakivua, nikakiweka mezani. Miaka thelathini sijaomba msamaha mwenyewe. Nikafungua mdomo, nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. Tusekile akangoja, macho kwangu.

Kule mezani, kwa sauti yangu, kidude kikamkaribisha chai.