Sahani ya Mjomba

Mapenzi ya muziki wa bluzi, ambayo mpiga pasi yule angezeeka nayo, yalimwingia wiki ile aliyomzika mwanawe wa pekee na kushindwa kulia.

Mjomba wake alimjia na sahani ya santuri kwapani. Baruti za machimboni zilikuwa zimemuua masikio. Siku hizi alisoma midomo ya watu.

"Chukua, mwanangu. Mimi hainisemeshi tena."

"Mjomba, nyumba hii ina msiba."

"Ndiyo maana nimeileta."

Akaiweka mwenyewe kwenye gramafoni, akaegemeza kiganja juu ya sanduku lake, kisha akamkazia mpwawe macho.

Gitaa likakwaruza. Mwanamume akaimba kwa lugha ambayo mpiga pasi hakuijua, taratibu, kama mtu anayeongea na ukuta. Katikati ya ubeti sauti ikamkwama, wala hakuificha. Akaliachia gitaa limalizie.

Hapo mpiga pasi akalia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikimchuruzika hadi kidevuni.

Mjomba alimtazama.

"Kumbe yule bwana bado anaimba," alisema. "Mrudishe mwanzo."