Sahani ya Marehemu

Marehemu alihudumiwa wa kwanza, kama kawaida.

Fundi wa sushi, Isogai, alifinyanga tonge dogo la wali, akalaza juu yake kipande cha tumbo la jodari, akaliweka mbele ya picha. Ndani ya fremu yenye utepe mweusi alikuwamo mwanamume mwenye baka jeusi juu ya jicho la kushoto. Mjane wake, Bi Kitamori, alikunja taratibu kitambaa cha zambarau alichokuwa ameifungia picha hiyo.

"Kula polepole," aliiambia picha. "Na jana usiku ulikoroma tena."

Kaunta ilikuwa na viti saba tu, kwa hiyo kila neno lilisikika. Mama mmoja kwenye kiti cha mwisho alijifuta macho.

"Umebadilisha picha," Isogai alisema.

"Ile ya zamani ilimkondesha."

Kweli, katika hii marehemu alikuwa amenawiri mashavu. Isogai aliitazama kwa chuki kidogo, kisha akaiongezea kamba wa baharini.

Bi Kitamori alikuja hapo kila mwezi, tarehe ileile aliyofiwa, na alilipia mtu mmoja. Isogai angekufa kwa aibu kumtoza maiti. Tena vipande vya marehemu ndivyo vilivyokuwa bora kuliko vya walio hai, maana fundi hakutaka kusemwa vibaya huko aendako mtu akifa. Marehemu akishashiba harufu, mjane alimsaidia kula. Vilivyomshinda alivifunga vizuri akaenda navyo nyumbani, kwenye madhabahu ya mumewe. Asubuhi, alisema, huwa havipo. Hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi.

Tusifichane: Isogai alikuwa anampenda. Fundi mzima, mvi kichwani, mtu anayewatoa nje wateja waliojipulizia manukato, alikuwa anaionea wivu picha. Siku hiyo alijikaza, akachomoa chini ya kaunta skafu ya hariri yenye maua madogo meupe.

"Baridi inakuja," alisema, akitazama visu vyake.

Bi Kitamori aliivaa palepale. "Mume wangu angeipenda sana hii," alisema, na Isogai usiku ule hakupata usingizi.

Wiki mbili baadaye, siku yake ya mapumziko, alivuka mto kwenda kwa Mayuzumi. Walijifunza kazi pamoja ujanani, na Mayuzumi naye alikuwa na kaunta yake, ndogo hata kuliko ya Isogai. Wateja walikuwa bado hawajafika.

"Nataka kuposa," Isogai alisema.

Mayuzumi aliacha kunoa kisu. "Wewe? Nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Mteja wangu. Mjane. Mumewe hata mwaka hajatimiza. Sasa nimwambie leo anione sina adabu, au ningoje aje mwingine amchukue?"

"Mimi hayo siyajui, ndugu yangu. Wangu yuko hai. Si unamsikia huko juu anavyogombana na televisheni?" Mayuzumi alijaribu kisu kwenye ukucha. "Ila umekuja siku nzuri. Nina mteja amefiwa na mkewe, atafika sasa hivi. Muulize yeye. Mwanamume anayempenda mke kama yule sijapata kuona. Mimi mwenyewe hunitoa machozi."

Mlango ulitelezeshwa. Mayuzumi akamwonyesha mgeni kiti cha karibu na Isogai, na Isogai, kwa kumheshimu mfiwa, akainama hata kabla ya kumtazama usoni. Aliinama hasa, paji la uso likakaribia kugusa kaunta.

"Pole sana kwa msiba, bwana," alisema akiwa hivyohivyo. "Unisamehe kwa kukuingilia. Naomba kujua jambo moja. Mtu aliyefiwa, moyo wake huchukua muda gani kufunguka tena?"

Mgeni alishusha pumzi ndefu. "Wengine sijui. Mimi kila nikiamka namwona palepale pembeni yangu."

Machozi yalimlenga Isogai. Alisikia kitambaa kikifunguliwa, kisha kitu kikisimamishwa juu ya kaunta.

"Mama leo aanze na nini?" Mayuzumi aliuliza kwa sauti ya upole.

"Tumbo la jodari," mgeni alijibu. "Siku hizi hataki kingine. Kuna mtu amemdekeza."

Isogai akainua kichwa. Alichokiona kwanza ni baka jeusi juu ya jicho la kushoto la mgeni. Kisha akaiona picha: ndani ya utepe mweusi, Bi Kitamori alikuwa anacheka, shingoni amevaa skafu yenye maua madogo meupe.