Ngano za Kuazima

Siku hizi maktaba haikuazimi kitabu ila uiachie kumbukumbu yako moja. Kwa kitabu cha historia ya dansi za Marekani, mke wa Hamadi alitoa siku walipocheza pamoja harusini. Sasa Hamadi akimtania kuhusu kiatu kilichomponyoka ukumbini, hucheka kwa adabu kama mgeni. Leo amerudi na ngano za kale za Waingereza, alizomwahidi binti yao, Salha.

“Umewaachia nini safari hii, mama Salha?”

“Nitajuaje, na kimeshatoka?”

Salha alijitupa mkekani kando ya mama yake, akaita, “Paukwa!”

Mama alimtazama kwa upole. “Ndiye nani huyo, mwanangu?”

Mtoto akacheka, akidhani anataniwa. “Paukwa, mama!”

Hamadi alijibu “Pakawa” polepole, lakini Salha hakugeuka. Alikuwa akimngoja mama.